Maziwa ya Kibuyu na Viumbe Visivyoonekana kwa Macho

Mama wawili wa Kaaga wanaweza kugawana maziwa ya ng'ombe mmoja, nusu kwa nusu, na kila mmoja akayatia yake katika kibuyu chake. Siku ya tatu kibuyu cha mmoja hutoa maziwa mazito na laini, yenye ukali mzuri na harufu ya kupendeza. Kibuyu cha mwenziwe hutoa maji ya manjano juu na mabonge chini, nayo yananuka hata hayanyweki. Ng'ombe ni yule yule, majani aliyokula ni yale yale, na siku zilizopita ni zile zile. Basi tofauti hii imetoka wapi?

Watu wengi husema ya kuwa ni bahati ya mkono. Neno hilo lina kweli kidogo ndani yake, kwani mkono wa mkamaji huchukua vitu vingi visivyoonekana. Lakini jambo lenyewe si bahati. Ni kazi ya viumbe wadogo mno, ambao huzaliwa, hula, hupigana na kufa ndani ya kibuyu, wala hapana mtu awezaye kuwaona kwa macho matupu. Yafaa kila nyumba yenye ng'ombe ifahamu habari zao, kwa sababu baadhi yao huleta chakula chema na baadhi yao huleta ugonjwa.

WAFANYAKAZI WA KIBUYU

Wafanyakazi wa kwanza huitwa bakteria. Wao ni wadogo hata ukipanga 1,000 kwa mstari mmoja, mstari huo hautazidi sana urefu wa milimita moja. Maziwa yanapotoka katika kiwele cha ng'ombe mwenye afya huwa na bakteria wachache tu. Wengine huingia kutoka katika ngozi ya chuchu, mikono ya mkamaji, chombo, mavumbi na majani.

Bakteria haoi wala haolewi. Akiisha kushiba hujigawa katikati, wakawa wawili. Ikiwa hujigawa mara moja kila saa, basi bakteria mmoja huwa 1,024 baada ya saa 10, na baada ya saa 24 huwa zaidi ya 16,000,000. Kwa hiyo tone moja la maziwa yaliyoganda vema huwa na mamilioni ya bakteria ndani yake.

Chakula chao ni sukari ya maziwa, ambayo katika maziwa ya ng'ombe ni karibu sehemu 5 katika kila sehemu 100. Wakiila huigeuza kuwa asidi iitwayo laktiki, nayo ndiyo iletayo ukali. Mfaransa Louis Pasteur alieleza habari hii mwaka 1857, alipokuwa akifundisha katika mji wa Lille. Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani ya kuwa maziwa hujichachukia yenyewe, pasipo kiumbe hai.

Ukali hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi hupata 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Maziwa mapya hupata 6.6 hivi. Yakishuka mpaka karibu 4.6, kasini, yaani ile sehemu ya maziwa ijengayo mwili, hushikamana na kuganda. Tena ukali huo huwafukuza bakteria wengi waozeshao. Ndiyo sababu maziwa yaliyoganda hukaa siku nyingi kuliko mabichi. Tena watu wengine ambao matumbo yao hujaa hewa wakinywa maziwa mapya huweza kunywa maziwa ya kuganda pasipo taabu kubwa, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari yake.

MAZIWA YA MERU NA YA MAJIRANI

Wameru huyaita maziwa hayo iria ri matii. Si kitu cha nyumbani tu kisichojulikana kwingine, kwani mwaka 1991 J. M. Kimonye na R. K. Robinson waliandika habari zake katika jarida la wenye viwanda vya maziwa lililochapwa Uingereza. Majirani nao wana yao. Wakalenjin wana mursik, Wakisii wana amabere amaruranu, Wasomali wana suusac ya maziwa ya ngamia, na Wamasai wana kule naoto.

Mwaka 2004 Julius Maina Mathara na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya juu ya kule naoto. Waliona ya kuwa wenye nguvu katika vibuyu vya Wamasai ni bakteria wa ukoo uitwao laktobasili, na zaidi ya wote ni namna iitwayo plantarum, ambayo huonekana pia katika mboga zilizochachushwa. Lakini haikuwa peke yake. Namna nyingine kadha wa kadha zilikaa pamoja nayo.

Kibuyu chenyewe ni nyumba ya ukoo huo. Ndani yake mna vitundu vidogo vidogo, na hata kikioshwa husalia bakteria wa maziwa yaliyotangulia. Maziwa mapya yakitiwa, bakteria hao huanza kazi mara moja kabla wageni wabaya hawajapata nafasi. Moshi nao una kazi yake. Wamasai hufukiza kibuyu kwa kijinga cha mzeituni wa mwitu, na Wakalenjin hutumia mti uitwao senetwet. Moshi huleta harufu nzuri, hukausha ndani ya kibuyu, na hupunguza ukungu na baadhi ya viumbe waharibifu.

BAKTERIA NAO WANA ADUI

Mtu huugua kwa sababu ya viumbe wadogo. Je, viumbe wadogo wenyewe huweza kuugua? Naam, huugua. Mwaka 1915 Mwingereza Frederick Twort alitangaza huko London ya kuwa ameona bakteria wakiyeyuka na kutoweka, kana kwamba wameshikwa na tauni. Mwaka 1917 Félix d'Herelle, akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alieleza jambo kama hilo, akamwita adui huyo bakteriofaji, yaani mla bakteria.

Bakteriofaji ni kirusi. Virusi ni vidogo hata kuliko bakteria, na vingi vya namna hii hukaa katika maziwa, katika maji na katika udongo. Kirusi hakina kinywa wala tumbo, wala hakiwezi kuzaa pasipo kuingia katika kiumbe kingine. Hushika ngozi ya bakteria na kumdunga, kama mbu amdungavyo mtu. Lakini mbu hunyonya, na kirusi huingiza. Huingiza ndani ya bakteria amri za uzazi wake, na bakteria maskini huacha kazi yake mwenyewe akaanza kutengeneza virusi. Baada ya muda, ambao katika bakteria wa maziwa mara nyingi haupiti saa moja, hupasuka akafa, na virusi vipya makumi kwa makumi hutoka kutafuta bakteria wengine. Kama kila kirusi kitatoa 50 tu, basi katika mzunguko wa tatu kimoja kimekwisha kuwa 125,000.

Hapana haja ya kuogopa virusi hivi kwa ajili ya mwili wa binadamu. Kila namna ya bakteriofaji ina bakteria wake, kama ufunguo na kufuli lake, wala haiwezi kuingia katika mwili wa mtu na kuzaana humo. Watu wamekula virusi hivi katika maziwa ya kuganda tangu zamani za kale. Hasara yake ni katika maziwa yenyewe. Bakteria wema wakifa, ukali haufiki, na waozeshaji hupata mlango wazi.

KIWANDA KIKUBWA NA KIBUYU KIDOGO

Hasara hiyo ilionekana wazi katika New Zealand. Viwanda vya jibini huko vilitumia chachu safi, yaani bakteria wa namna moja waliolelewa peke yao. Mara kwa mara chachu ilikataa kufanya kazi, na mapipa makubwa ya maziwa yakabaki pasipo kuchachuka. Mwaka 1935 H. R. Whitehead na G. A. Cox walitambua ya kuwa sababu ilikuwa bakteriofaji.

Mkulima wa Meru ataelewa upesi. Shamba lililopandwa mbegu moja tu likiingiwa na ugonjwa hufa lote. Shamba lenye ndizi, viazi vikuu, njahi na mahindi pamoja haliishi kwa siku moja, kwa kuwa ugonjwa wa mahindi haujui kula ndizi. Kibuyu ni kama shamba hilo la pili. Ndani yake mna bakteria wa namna nyingi, na kirusi kikiua namna moja, namna nyingine hushika jembe.

Jambo hili lilithibitishwa na wachunguzi wa Uholanzi. Huko kulikuwa na chachu za aina mbili. Moja ilitunzwa katika maabara, ikikingwa na kila uchafu. Ya pili ilipokezanwa siku kwa siku kiwandani, pasipo kukingwa na virusi. Mtu angedhani ya kuwa ile iliyokingwa ndiyo itakayokuwa na nguvu, lakini mambo yalikuwa kinyume. Iliyokaa kiwandani katikati ya adui zake ilistahimili virusi kuliko ile ya maabara. Basi desturi ya kuacha maziwa kidogo ya jana ili yaanzishe ya leo, ambayo akina mama wa Afrika ya Mashariki wameirithi kwa mama zao, ina hekima iliyochukua wataalamu miaka mingi kuieleza.

Tena bakteria hawaketi tu wakingoja kufa. Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya Danisco, miongoni mwao Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, pamoja na Sylvain Moineau wa Kanada, walionyesha ajabu moja katika bakteria watumiwao kufanya mtindi. Bakteria aliyeponea shambulio la kirusi hukata kipande kidogo cha amri za kirusi hicho akakiweka ndani ya mwili wake, kama askari awekavyo picha ya mwizi. Kirusi cha namna hiyo kikirudi hutambuliwa na kukatwa vipande. Tena watoto wa bakteria hurithi kumbukumbu hiyo. Kutokana na silaha hii ya bakteria, wataalamu walipata chombo cha kurekebisha urithi wa mimea, wanyama na watu, na mwaka 2020 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo.

UKALI SI DAWA YA KILA UGONJWA

Sasa hapana budi kusema neno zito. Watu wengi hudhani ya kuwa maziwa yakiisha kuwa makali, kila ugonjwa uliomo umekufa. Si kweli. Ukali hudhoofisha viumbe wengi, lakini wengine huvumilia kwa siku kadha, hasa katika maziwa ambayo hayajawa makali sana.

Wa kwanza ni kijidudu cha brusela, kilichotambuliwa na daktari David Bruce katika kisiwa cha Malta mwaka 1887. Ng'ombe na mbuzi wenye ugonjwa huo hutupa mimba. Mtu aupataye hushikwa na homa ijayo na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ana malaria, akameza dawa za malaria miezi mingi bila kupona. Wa pili ni kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho huweza kuingia kwa mtoto katika maziwa. Hata virusi viko ambavyo, tofauti na bakteriofaji, humdhuru mtu. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1931 karibu na Naivasha, hupatikana zaidi kwa kugusa damu na viungo vya wanyama wagonjwa na kwa kuumwa na mbu, lakini maziwa mabichi nayo hutiliwa shaka. Ugonjwa huo uliua watu katika Kenya katika miaka ya 2006 na 2007.

Pia si kila bakteria apendaye maziwa ni rafiki. Katika suusac wachunguzi wameona kwa wingi namna moja ya streptokoki ambayo ni jamaa ya bakteria waletao magonjwa.

Dawa ya hatari hii yajulikana: kuchemsha. Lakini wengi hukataa, wakisema ya kuwa maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri katika kibuyu, bali huoza. Wanasema walichokiona, na sababu yake ni rahisi. Moto haubagui. Huua brusela, na huua bakteria wema pia. Shamba limebaki tupu, na magugu ya kwanza kuota ni yale yaliyojificha katika mbegu ngumu zisizokufa kwa moto, au yaliyoingia kutoka hewani. Basi kosa haliko katika kuchemsha. Kosa ni kuchemsha na kuacha kupanda tena. Wakisii hutengeneza amabere amaruranu kwa maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kisha huyapa mbegu ya maziwa ya zamani, nayo huganda vizuri sana.

NAMNA YA KUFANYA

1. Osha mikono na kiwele kwa maji safi kabla ya kukama. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yasichanganywe na mengine.

2. Chemsha maziwa mpaka yatokote. Kisha yafunike, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, yaani kidole kivumilie bila taabu. Mbegu ikitiwa katika maziwa ya moto itakufa.

3. Osha kibuyu, kisuuze kwa maji yanayochemka, kikaushe, kisha ukifukize kama ilivyo desturi. Madebe na mitungi ya plastiki yenye shingo nyembamba haifai, maana uchafu hujificha ndani yake na mkono haufiki.

4. Tia mbegu, yaani vijiko 2 vikubwa vya maziwa mazuri ya kuganda kwa kila lita 1. Mbegu ya kwanza isitoke katika maziwa mabichi, kwani italeta tena ugonjwa ule uliokwisha kuuawa kwa moto. Itoke katika nyumba ichemshayo, au yawe maziwa lala ya kiwandani ambayo hayakupashwa moto baada ya kuganda.

5. Funika, uweke mahali penye joto kidogo. Usiku wa Kaaga ni wa baridi kwa ajili ya Mlima Kenya, kwa hiyo yafaa kukizungushia kibuyu blanketi. Mara nyingi maziwa huwa tayari kesho yake.

6. Kabla ya kunywa, toa kwanza mbegu ya kesho katika chombo safi.

MAZIWA YAKIKATAA KUGANDA

Kwanza, uliza kama ng'ombe alitibiwa. Dawa ya kuua bakteria katika kiwele hutoka katika maziwa na kuua bakteria wa kibuyu pia. Maziwa hayo yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizozitaja daktari wa mifugo zimekwisha.

Pili, fikiri kama mbegu ilitiwa katika maziwa ya moto, au kama usiku ulikuwa wa baridi kali.

Tatu, angalia kama maziwa yamekuwa yakichelewa kidogo kidogo, leo siku moja, wiki ijayo siku mbili, hali mambo mengine hayakubadilika. Huenda bakteriofaji wamewashinda bakteria wa nyumba hiyo. Haifai kuongeza mbegu ile ile, maana ni kuongeza virusi. Suuza vyombo vyote kwa maji yanayochemka, na uombe mbegu mpya kwa jirani wawili wachemshao maziwa yao, uichanganye. Hivyo kibuyu kitapata tena wafanyakazi wa namna nyingi.

Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Kilicho kidogo kisidharauliwe, kiwe rafiki au kiwe adui. Mama wa Kaaga achemshaye maziwa, kisha akayapandia mbegu njema, haachi desturi ya bibi yake. Huilinda, na humlinda pamoja nayo mtoto anywaye.